Mbwa Aliyekingwa kwa Zamu

Nyumbani kwetu kila kitu kilikwenda kwa zamu, kwa sababu mimi na wifi yangu hatukuwa na njia nyingine ya kuishi bila kutoana macho. Leo anapika yeye, kesho mimi. Asubuhi pasi kubwa ni yangu, mchana ni yake. Redio nayo ilikuwa na zamu, maana yeye hupenda vipindi vya afya na mimi hupenda kimya. Hata mlango wa duka tuliufungua kwa zamu, na ambaye si zamu yake angeweza kumtazama mteja amesimama nje na mzigo wa mashuka mabegani asinyanyue mguu.

Sisi ni madobi. Chumba cha mbele ni cha kupigia pasi, uani ndiko tunakofulia, penye mapipa ya maji yamepangwa ukutani, na katikati kuna ukumbi ambamo nguo za nyumba za wageni hulala mafungu mafungu zikisubiri wenyewe. Duka lilikuwa la mume wangu. Alipofariki, dada yake alikuja msibani na begi moja dogo, akasema atakaa mpaka nipate nguvu. Sijui nguvu hizo alikuwa anazipima kwa kipimo gani, maana miaka ilipita na begi likazaa kabati zima. Mwanawe ana nyumba nzuri, tena amempakia chumba rangi, na kila akipiga simu anamwambia mama njoo tukae wote. Mimi nikisikia simu hiyo nilikuwa nazima redio ili wasikilizane vizuri.

Mume wangu aliacha na mbwa. Ni mkubwa, rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama na jingine limekata tamaa. Tulimwita Mkaguzi kwa sababu hakuna fungu la nguo lililoingia dukani asilinuse juu mpaka chini, na lile ambalo hakuridhika nalo alilikalia. Alikuwa na tabia nyingine pia. Watu wawili wakipandishiana sauti, aliinuka popote alipo, akaja mbio, akasimama katikati yao na kubweka mpaka mmoja anyamaze. Kwa nyumba kama yetu hiyo ilikuwa kazi ya kutwa.

Ugomvi wa minyoo ulianza alipokufa mbwa wa jirani yetu, fundi wa friji. Fundi alitueleza kwamba ni minyoo ya moyo, na kwamba inaletwa na mbu. Mimi nikampeleka Mkaguzi kwa daktari wa mifugo, akatolewa damu, ikapimwa, ikaonekana safi. Nikarudi na boksi la vidonge vya kumkinga, kimoja kila mwezi.

Wifi alilishika boksi lile kwa vidole viwili.

"Hii sumu," akasema.

"Ni dawa."

"Inafanya nini?"

"Inaua minyoo."

"Kitu kinachoua kinaitwaje?"

Akaniambia kwamba mwili una akili yake, ukiupa vitu vya asili unajilinda wenyewe, na kwamba yeye hatakaa atazame mbwa wa kaka yake akimiminiwa kemikali mwezi baada ya mwezi mpaka ini lioze. Alikuwa na dawa yake, aliyoisikia redioni siku ya zamu yake: vitunguu saumu vilivyopondwa, mbegu za maboga, na maji ya mwarobaini. Manyoya yapakwe mafuta ya mchaichai ili mbu wachukie. Mapipa ya maji yafunikwe.

Nisiseme uongo, hata mimi sikujua kidonge kinafanya kazi vipi. Nilikiamini kwa sababu kwenye boksi kulikuwa na picha ya mbwa mwenye meno meupe kuliko yangu. Nikamwambia wifi kwamba angekuwa na akili angekuwa daktari. Akaniambia ningekuwa na huruma ningekuwa binadamu. Mkaguzi akaja kusimama katikati yetu na kubweka, na kwa siku kadhaa hakupata muda wa kukagua nguo hata kidogo.

Ndipo tukafanya tulichozoea kufanya: tukampangia zamu. Mwezi huu ni wangu, anakula kidonge. Mwezi ujao ni wa wifi, anapata vitunguu saumu na mafuta yake. Tukapeana mikono. Siku hiyo nilijiona mtu mwenye busara sana, na nadhani hata wifi alijiona hivyo, maana alinipikia ingawa haikuwa siku yake. Na mkataba tuliuheshimu. Alipolazwa kitandani na mafua katikati ya mwezi wake, ni mimi niliyempondea mbwa vitunguu, machozi yakinitoka, kwa sababu haki ni haki. Na katika mwezi wangu yeye ndiye aliyekuwa akimfungua Mkaguzi kinywa, huku akigeuza uso pembeni asiione sumu ikishuka.

Kikohozi kilianza katika mwezi wa wifi, jambo lililonipa raha fulani ambayo leo naionea aibu. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha mtu mzima anayetaka kusema jambo halafu akaghairi. Kikaendelea mpaka mwezi wangu, raha ikaniisha. Mkaguzi akawa ananusa fungu moja anapumzika, ananusa la pili analala. Mbavu zikaanza kuhesabika. Siku aliposhindwa kupanda ngazi tatu za mlango wa duka, hatukuulizana zamu ya nani. Tulimbeba wote wawili.

Chumba cha daktari kina meza ya bati, mizani ya kusimamia, na juu ya kabati kuna chupa kubwa yenye moyo wa mbwa ndani ya maji. Kutoka kwenye moyo huo vimetokeza vitu vyeupe, vyembamba na virefu, kama tambi zilizopikwa. Wifi aliitazama chupa ile tangu tulipoingia na hakutazama kitu kingine. Daktari, binti mwenye umri wa kuwa mwanangu, akamtoa Mkaguzi damu, akaenda nayo chumba cha pili, akarudi.

"Anayo," akasema. "Poleni, mama zangu. Alikuwa anapewa kinga?"

"Ndiyo," tukasema kwa pamoja.

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi alikuwa anapewa kitu," nikamjibu.

"Kitu gani?"

Nikamweleza mkataba wetu. Nilimweleza vizuri, hata habari ya kupeana mikono. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa kwenye kiti ambacho nadhani ni cha wateja.

"Mama," akasema, "hiki kidonge si mlinzi wa getini. Kinaua vitoto vya minyoo ambavyo mbu ameshaviingiza, vikiwa bado vidogo. Mkiruka mwezi, vinakua. Vikishakua, kidonge hakiviwezi tena, vinasafiri mpaka moyoni na kwenye mishipa ya mapafu. Mlikuwa mnavipa likizo."

"Na vitunguu?" akauliza wifi, macho bado kwenye chupa.

"Havigusi minyoo hii. Tena vikizidi vinaharibu damu ya mbwa."

"Na mapipa?"

"Mapipa ulifanya vizuri sana, mama. Mbu wakipungua hatari inapungua. Endelea kufunika. Lakini mbu mmoja tu akipita, kazi imekwisha."

Hapo nilitegemea wifi abishe. Sikuwahi kumwona ameshindwa na mtu aliye mdogo kwake. Aliuliza tu matibabu ni yapi, na hilo lilinitisha kuliko ile chupa.

Daktari akatueleza matibabu. Kwanza vidonge vya kuidhoofisha minyoo, kisha sindano za mgongoni za kuiua, tena zaidi ya mara moja. Lakini minyoo ikifa hukatika vipande, na vipande huenda kwenye mapafu. Mbwa akitulia, mwili unavimaliza polepole. Akikimbia, akibweka, akishtuka, moyo ukaenda mbio, kipande kinaziba mshipa, na anaanguka papo hapo. Kwa hiyo afungiwe mahali padogo, asiruke, asikimbie, asikasirishwe, kwa miezi, mpaka yeye daktari apime tena na kusema amepona.

"Nyumbani kwenu kumetulia?" akauliza.

Mimi na wifi tukatazamana.

"Sana," akasema wifi.

Tulimtengenezea Mkaguzi kizimba chini ya meza ya pasi, kwa mbao za kitanda kibovu. Wifi aligongelea mbao, mimi nikazungushia shuka kuukuu asione watu wakipita. Kazi ilipokwisha, wifi akaingia chumbani kwake, akatoka na begi lile dogo, na jingine kubwa.

"Nakwenda kwa mwanangu," akasema. "Nimemwua mbwa wa kaka yangu kwa mkono wangu. Sina uso wa kukaa hapa."

"Hajafa."

"Bado hajafa."

Kama kuna siku niliyoiombea miaka yote, ni hiyo. Nikamshikia begi kubwa nikamtangulia mpaka getini, kwa heshima, wifi asije akasema sikumsindikiza. Tukapita mbele ya kizimba. Mkaguzi akainua pua. Sijui kama alimlilia wifi au aliililia mizigo inayotoka bila kukaguliwa, ila geti lilipofungwa alianza kukwaruza mbao na kulia kwa sauti ambayo sikuijua, na meza nzima ya pasi ikaanza kutembea.

Nikatoka mbio miguu mitupu. Wifi alikuwa ameshafika mbali kidogo, na sikuweza hata kumwita kwa nguvu, maana mbwa angesikia akazidi. Nikamfikia nikamvuta mkono wa gauni.

"Rudi," nikamwambia kwa kunong'ona. "Atakufa huyu."

"Nirudi kufanya nini?"

"Kukaa tu. Kaa mpaka apone."

Akanitazama miguu, akanitazama uso. "Siku daktari akisema amepona, naondoka."

"Siku hiyo begi nitalibeba mwenyewe mpaka kwa mwanao."

Hivyo ndivyo wifi alivyorudi, na hivyo ndivyo ilivyobidi tujifunze kugombana upya. Sababu za kugombana hazikupungua, ila sasa tuligombana kwa sauti ya kubembelezea mtoto mchanga.

"Wifi mpenzi," nilikuwa nasema, "umeunguza foronya ya watu, wewe mwanamke usiye na akili."

"Nimeona, kipenzi changu," ananijibu huku akitabasamu upande wa kizimba. "Na pasi imeshika kutu kwa sababu tangu uolewe hujajua kuisafisha."

Mkaguzi alipiga mkia sakafuni mara moja akaendelea kulala.

Meneja wa nyumba ya wageni alikuja siku moja amefura, mapazia yake mawili yamechujuka. Alianza kufoka tangu barabarani. Alipoingia tu tukamwekea vidole midomoni kutoka pande mbili. "Karibu, baba," wifi akamwambia polepole, "una haki ya kutukana, ila tukana taratibu, ndani kuna mgonjwa wa moyo." Yule bwana akavua kofia. Akatutukana kwa kunong'ona kwa muda mrefu, kwa adabu, kisha akauliza mgonjwa anaendeleaje. Mpaka leo anadhani ni mama mkwe.

Ubaya wa kugombana taratibu ni kwamba unasikia kila neno. Zamani nilikuwa nasikia kelele tu, nami natoa zangu. Sasa wifi akisema jambo linafika. Siku moja tulikuwa tunakunja mashuka, kila mmoja ameshika ncha zake, nikamwambia kwa sauti laini kabisa kwamba afadhali huko kwa mwanawe akapumzike, chumba kinamsubiri, rangi isije ikabanduka.

"Kile chumba kina rangi nzuri," akasema. "Ila hakina kazi. Nikienda kule asubuhi mkwe wangu anauliza, mama utakunywa nini. Mchana, mama utakula nini. Jioni, mama lala. Nakuwa mgeni mpaka nife."

Tulikuwa tumekaribiana kuunganisha ncha za shuka. Ningeweza kusema neno. Nikasema shuka limepinda, tukalikunjua tukaanza upya.

Sindano za kwanza zilipita salama. Baada ya zile za mwisho, mchana mmoja wa jua kali, Mkaguzi alikohoa na kwenye shuka jeupe kukawa na damu. Ilikuwa kidogo, lakini mimi ni dobi, najua damu kwenye shuka. Mwili ulikuwa wa moto na pumzi zinakimbizana. Wifi akampigia daktari, daktari akaja na pikipiki, akamchoma sindano nyingine, akasema hivi ndivyo minyoo inavyokufa, tukae naye, asisumbuliwe, akivuka mpaka kesho atakuwa amevuka.

Tukafunga duka. Hakukuwa na zamu ya kulifunga, tulilifunga tu. Tukakaa sakafuni, mgongo ukutani, kizimba mbele yetu.

Niliogopa. Sikuwa nimeogopa hivyo tangu siku aliyofariki mume wangu. Niliogopa kwamba mbwa atakufa, wifi atabeba mabegi, nami nitabaki na mapipa na pasi mbili, zote zangu asubuhi na mchana, na redio ambayo hakuna wa kunizuia kuizima. Nilijua kimya hicho kitakuwa kikubwa kiasi gani.

"Unanilaumu?" wifi akauliza. Hakuweka kipenzi wala mpenzi.

"Nakulaumu."

"Sana?"

"Nusu. Nusu ile nyingine nilipeana mkono nawe."

Akaingiza mkono kati ya mbao, akaushika mguu wa mbele wa Mkaguzi, akakaa hivyo hivyo bila kubadilisha mpaka mkono ukafa ganzi. Nilipoona anakunja uso kwa maumivu nikamwambia atoe, nikaingiza wangu. Tulibadilishana hivyo mpaka mbwa akaomba maji.

Akavuka. Kikohozi kikapungua, kikaisha. Mbavu zikarudi ndani. Akaanza kunusa mafungu kupitia kwenye mbao, tukawa tunamsogezea moja moja, akitikisa kichwa kama amekubali au akiinua mdomo kama amekataa, na yale aliyoyakataa tuliyarudia kufua, maana hatukutaka kumwudhi. Miezi ikaenda. Daktari akasema tumlete apimwe mara ya mwisho.

Nilimpeleka mimi, kwa kamba fupi na hatua za kizee. Wifi alibaki na mashuka ya meneja. Daktari akachukua damu, akaenda chumba cha pili, na safari hii alirudi akicheka.

"Safi," akasema. "Amepona, mama. Mwache akimbie. Kidonge kila mwezi, hakuna kuruka, na yule mama mwingine aendelee na mapipa yake. Sasa mnaweza hata kupiga kelele."

Nikamshukuru. Nikaenda nyumbani polepole, polepole kuliko mbwa alivyotaka.

Begi dogo lilikuwa ukumbini, limefungwa, limewekwa kando ya mafungu ya wateja. Kubwa lilikuwa nyuma yake. Wifi ni mtu wa ahadi, hilo sijawahi kumnyima. Alikuwa uani, simu mfukoni, anaweka vifuniko kwenye mapipa. Nikampa boksi la vidonge, na maini niliyopitia kununua. Hakuuliza mwezi wa nani. Alikata kipande cha ini, akakipasua, akaweka kidonge ndani, Mkaguzi akameza bila kukikagua. Kisha wifi akanawa mikono, akaikausha kwenye khanga, akaikausha tena.

"Kasemaje?" akauliza.

Nilikuwa ninafungua kamba shingoni mwa mbwa, jambo ambalo mtu anayetaka kusema nilichosema hapaswi kulifanya.

"Kasema bado kidogo," nikamwambia. "Mwezi mmoja zaidi. Atulie kabisa, asiachwe na mtu mmoja."

Mkaguzi alikuwa ameshaondoka. Alizunguka mapipa yote, akapita chini ya kamba za nguo, akarudi, akazunguka tena. Wifi akamfuata kwa macho mzunguko wa kwanza na wa pili.

"Mmoja?"

"Mmoja."

"Ajabu," akasema. "Nimempigia mwenyewe sasa hivi. Mimi kaniambia miwili."

Daktari yule yule, aliyeniambia uso kwa uso kwamba mbwa amepona. Nikamwangalia wifi, naye akawa anaangalia kifuniko cha pipa.

"Basi tufuate la daktari," nikasema.

"Ndivyo inavyotakiwa."

Mgonjwa wetu akapita katikati yetu mbio, foronya ya meneja mdomoni, na hakuna aliyemwambia apumzike.